MATEKA AKIOKOLEWA, BADO HAJAFIKA NYUMBANI



Ndugu wanafunzi, wazazi na walimu wetu wapenzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuufikia mwisho wa mwaka mwingine wa masomo, tumeona katika toleo hili tuzungumzie jambo ambalo si kawaida kuonekana katika kurasa zetu. Tumezoea kuandika juu ya adabu, kuhifadhi sala, kuwatii wazazi na umuhimu wa elimu zote mbili. Leo tunaandika juu ya vijana waliotekwa chuoni mwao, wakakaa kutwa nzima chini ya mtutu wa bunduki, kisha wakaokolewa. Habari ya kutekwa kwao ilitangazwa dunia nzima. Sisi tunauliza lile ambalo halikutangazwa sana: baada ya kuokolewa, walirudije katika maisha? Na je, wanatudai chochote?

Rai yetu ni hii, na tunaitaja mapema ili msomaji aijue. Mateka haokolewi na askari peke yake. Askari humtoa ndani ya jengo, na hiyo ni kazi ya saa au siku. Kumrudisha katika usingizi wake, masomo yake na kuwaamini kwake watu ni kazi ya wale wanaomzunguka, nayo huenda ikachukua miaka. Katika kazi hiyo sisi wa madrasa tuna sehemu yetu, tena kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

YALIYOTOKEA GARISSA

Kwa wadogo zetu ambao wakati ule hawakuwa na umri wa kufahamu, tukumbushe kwa ufupi. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walivamia chuo kikuu kilichopo mji wa Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya. Wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Wanafunzi wengi walikuwa wamelala, na wachache walikuwa wameamka kwa ibada yao ya Kikristo ya asubuhi. Wavamizi waliwapiga risasi waliokuwa katika ibada, kisha wakaingia mabwenini, wakawashika mateka na kuwatenganisha Waislamu na wasio Waislamu.

Mzingiro ule ulidumu kiasi cha saa 15. Hadi usiku unaingia na wavamizi wote wanne wamekufa, watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao ni wanafunzi. Wanafunzi zaidi ya mia tano walitoka wakiwa hai. Wengine walitambaa hadi kwenye uzio alfajiri ileile, wengine walijificha vitandani na makabatini, na wengine walilala kimya katikati ya maiti za wenzao ili wadhaniwe wamekufa.

Hawa mia tano na zaidi ndio tunaotaka kuwazungumzia. Waliokufa tumewaombolezea, na ndivyo inavyostahiki. Lakini aliyebaki hai mara nyingi huambiwa, "Mshukuru Mungu, wewe umepona," na maneno yakaishia hapo, kama kwamba kupona ni kutoka nje ya mlango tu.

KWA NINI TUANDIKE SISI

Huenda mwanafunzi akauliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaokaa hapa kusoma tajwidi na fiqhi? Wauaji si sisi, wala hatukuwatuma.

Ni kweli. Lakini yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuyafumbia macho. La kwanza, mtu aliyetajwa na serikali ya Kenya kuwa ndiye aliyepanga shambulio lile alikuwa amewahi kuwa mwalimu mkuu wa madrasa, humohumo Garissa, kabla ya kujiunga na wapiganaji. Aliuawa Somalia mwaka 2016. Na mmoja wa wavamizi wanne alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu, ambaye baba yake alikwishatoa taarifa kwa wakubwa kwamba mwanawe haonekani. Mwaka 2019 mahakama mjini Nairobi iliwahukumu watu watatu kwa kushiriki katika njama ile, na mmoja wao alikuwa Mtanzania. Basi asidhani mtu kwamba hawa walishuka kutoka sayari nyingine. Walipita katika madarasa, na wengine walikalia mikeka kama hii tunayoikalia.

La pili ndilo zito zaidi. Maneno waliyoyasikia wale vijana mlangoni mwa vyumba vyao yalikuwa maneno yetu. Walisikia jina la Mungu likitajwa kwa namna tunayolitaja sisi. Kila mwanafunzi wa hapa ameshaisoma aya ya 32 ya Suratul Maida, na anajua uzito wa nafsi moja iliyouawa bila ya haki. Lakini yule binti wa Kikristo aliyejificha uvunguni mwa kitanda hakufundishwa aya hiyo asubuhi ile. Alichofundishwa ni kwamba maneno yale yanakuja pamoja na risasi.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, siku mtakapokutana naye chuoni, kazini au ndani ya basi, na mkamwona anashtuka kwa sababu ya kanzu, ndevu au takbira, msikasirike. Msianze kumhutubia kwamba anatudhulumu kwa kutufikiria vibaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mwenye akili anayemlaumu. Mpeni salamu kwa lugha anayoifahamu, mpeni nafasi, mwachieni muda. Heshima yetu haipungui kwa kumstahamilia aliyejeruhiwa.

KISA CHA KABATI

Siku mbili baada ya mzingiro kwisha, Jumamosi tarehe 4 Aprili, mwanafunzi mmoja alipatikana akiwa bado hai ndani ya bweni. Alikuwa amejificha kabatini, amejifunika nguo, na kiu ilimfikisha mahali pa kunywa mafuta ya kujipaka. Askari walipomfikia hakukubali kutoka. Aliwauliza atajuaje kwamba wao ni polisi wa kweli. Haikufaa sare wala kiapo. Ilibidi aletwe mmoja wa walimu wake aseme naye, ndipo akatoka.

Tunawaomba msome tena kisa hiki, kwani ndani yake limo somo lote. Hatari ilikuwa imekwisha tangu juzi yake, lakini kwake yeye haikuwa imekwisha. Mlango ulikuwa wazi, naye hakuweza kuupita. Kilichomtoa si nguvu wala amri, bali sauti ya mtu anayemjua. Waathirika wengi wa utekaji hubaki katika kabati la namna hiyo kwa miezi au miaka, ingawa unawaona barabarani wakitembea na kucheka kama watu wengine. Nao pia huhitaji sauti wanayoijua.

SIKU MOJA, MIAKA MINGI

Wataalamu wa afya ya akili wanatueleza kwamba mtu aliyepita katika hofu ya kifo hubaki na dalili fulani. Huota ndoto mbaya. Mlango ukibamizwa au baiskeli ikipasuka mpira, moyo humwenda mbio. Hukwepa mahali, watu au hata vyakula vinavyomkumbusha siku ile. Wengine hupoteza hamu ya kila kitu wakawa kama gogo, na wengine huwa wakali kwa ndugu zao bila ya sababu inayoonekana. Na wapo wanaosumbuliwa na swali moja usiku na mchana: kwa nini yule alikufa na mimi nikabaki?

Dalili hizi katika wiki za mwanzo si wazimu. Ni mwili na akili ambavyo bado vinalinda zamu ingawa adui ameshaondoka. Kwa walio wengi hupungua polepole wakipata utulivu na watu wema karibu yao. Lakini zikipita mwezi na bado zinamzuia mtu kulala, kusoma au kufanya kazi, basi hayo ni maradhi, yana tiba, na anahitaji mtaalamu kama vile mwenye mguu uliovunjika anavyohitaji daktari.

Na kiwewe hakimkai aliyetekwa peke yake. Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya Garissa, mlipuko wa hitilafu ya umeme ulisikika alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka madirishani ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa, wala hapakuwa na mvamizi yeyote. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama la kuigiza shambulio. Waliokuwamo walidhani ni kweli, watu wakaruka, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Tazameni jinsi bunduki zilizonyamaza Garissa zilivyoendelea kuua mamia ya kilomita kutoka pale, miezi minane baadaye. Ndiyo maana tunasema mzingiro haukwishi siku inapotangazwa kwamba umekwisha.

MANENO MATATU YANAYOUMIZA

Sasa tuingie katika yale tunayoweza kuyafanya, na tuanze na yale ya kuacha. Yapo maneno matatu ambayo watu wema huyasema kwa nia njema, nayo huumiza.

La kwanza ni "Hebu tusimulie ilivyokuwa." Udadisi ni tabia ya binadamu, lakini kisa cha mateka si hadithi ya barazani. Shirika la Afya Duniani halishauri kumlazimisha mtu kusimulia yaliyompata mara tu baada ya balaa, kwani kufanya hivyo hakumkingi na maradhi na huenda kukamzidishia. Akitaka kusema mwenyewe, asikilizwe hadi mwisho bila ya kukatizwa. Asipotaka, aachiwe. Siri ya moyo wake ni mali yake, na kuichukua kwa nguvu ni kumteka mara ya pili.

La pili ni "Sahau, yameshapita." Anayesema hivi hudhani kusahau ni kama kuvua shati. Lau ingekuwa hivyo, mwenyewe angeshalivua zamani. Neno hili humfundisha aliyeumia kwamba maumivu yake yanawachosha watu, naye huanza kuyaficha. Na kidonda kinachofichwa hutunga usaha.

La tatu hutoka kwetu sisi watu wa dini zaidi kuliko kwa wengine: "Ungekuwa na imani usingekuwa hivyo." Ndugu wanafunzi, tujihadhari sana na neno hili. Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hadi macho yake yakapotea nuru, naye ni mtume wa Mwenyezi Mungu. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi kwa kifo cha mwanawe Ibrahim, na mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa Mwaka wa Huzuni katika vitabu vyetu vya sira mpaka leo. Ikiwa wao walihuzunika na haikuwapunguzia daraja, basi nani sisi wa kumpima imani kijana anayeogopa kulala gizani? Subira si kutohisi maumivu. Subira ni kuendelea kutembea huku yanauma, na anayetembea hivyo anahitaji bega la kuegemea.

BASI TUFANYE NINI?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza kwa watu waliopatwa na misukosuko mikubwa, ambao mtu yeyote anaweza kuutumia hata kama si daktari. Umesimama juu ya mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Tazama kama mahali ni salama na nani ana shida ya haraka. Sikiliza bila ya kuhukumu. Muunganishe na jamaa zake, na huduma, na wale wenye ujuzi wa kumsaidia. Baada ya Garissa, Msalaba Mwekundu wa Kenya walifanya kazi ya namna hii katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, ambako jamaa walikusanyika kungoja habari za watoto wao, na washauri nasaha walikaa nao katika siku zile ngumu.

Kwetu sisi mambo haya matatu si mageni. Kumzuru mgonjwa, kumwandalia chakula aliyefiwa, kukaa na mwenye msiba bila ya kusema mengi, yote haya tumeyarithi kwa wazee wetu. Tofauti ni moja tu. Matanga huanuliwa baada ya siku tatu, na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Kwa mwenye kiwewe siku ya tatu ndiyo kwanza mambo yanaanza. Basi tujizoeze kuwa watu wa siku ya arubaini, watu wa mwezi wa sita na watu wa mwaka wa pili. Simu fupi ya kujulia hali baada ya mwaka mmoja huenda ikawa na thawabu kuliko hotuba ndefu ya siku ya kwanza.

Tuwasaidie pia kurudi katika ratiba, kwani mambo madogo ya kila siku ni dawa. Manusura wengi wa Garissa walipelekwa kuendelea na masomo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mbali na yale majengo. Nacho chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na wanafunzi wachache, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hatusemi wote wamepona. Tunasema darasa, mtihani, na rafiki anayekungoja twende sote maktaba, ni kamba zinazomvuta mtu kutoka kisimani. Mwenzako akirudi shule baada ya balaa, mwekee nafasi pembeni yako, mpe daftari anukuu alichokosa, na mzungumzie mpira na mitihani kama zamani. Usimfanye mtu wa ajabu.

Na ukiona anazungumzia kujiua, au amekwama kabisa hali wala halali, usikae na siri hiyo peke yako. Mwambie mwalimu au mzazi, na apelekwe hospitali. Dua na dawa havigombani. Tumeamrishwa kutafuta tiba, na akili ni kiungo kama viungo vingine.

USIKUBALI KUTENGWA

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wauaji wa Garissa walitaka kuua watu, lakini walitaka zaidi ya hapo. Walitaka kutenganisha: Waislamu huku, Wakristo kule. Mwenye kuachwa kwa sababu ya dini yake alitoka na jeraha la aina yake, kwani alibebeshwa uhai aliouchukia kwa jinsi alivyoupata, kisha akarudi mitaani kutazamwa kwa shaka. Naye ni mwathirika, naye anastahiki huruma yetu.

Miezi minane baadaye wakaja watu waliokataa kutengwa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak na watu wenye silaha, wakawataka abiria wajitenge kwa dini zao. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha Wakristo mitandio yao, na wanaume wakasema ama muwaue wote, ama mtuache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi, na alifariki Januari 2016 akiwa hospitalini. Serikali ilimpa nishani baada ya kufa kwake. Mwalimu yule alikuwa mmoja wetu. Ikiwa tunaona haya kumkumbuka yule mwalimu wa madrasa aliyepanga mauaji, basi tujivune kumkumbuka mwalimu huyu, na tujitahidi kufanana naye.

Si kila mmoja wetu atasimamishwa ndani ya basi, na tunamwomba Mola atuepushe. Lakini kila mmoja wetu atakutana na mtu aliyetoka hai mahali pa mauti, na pengine asijue. Hapo ndipo itakapojulikana kama tuko upande wa waliotenganisha au waliokataa. Ukimsikiliza bila ya kumuuliza dini yake, umekataa. Ukimstahamilia anapokuogopa, umekataa. Ukimzuru mwaka wa pili watu walipokwisha kumsahau, umekataa, na kazi ya wauaji umeipunguza kwa kiasi chako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa miili na nyoyo, awape subira wazazi waliowazika watoto wao, na atujaalie sisi kuwa sauti ambayo mwenye hofu akiisikia hutoka alikojificha. Amin.

Wabillahi tawfiq.